Unataka Kuunda Betri za Lithiamu? Soma Hii Kabla Hujatoa Ganji ya Spotiwelda

Nduthi za stima zimejaa barabarani, taa za sola ziko kila ploti, na pawabanki ikidedi hakuna msee anataka kuitupa. Fungua hizi zote na ndani utapata kitu karibu sawa: seli za lithiamu, nyingi zao za duara, zimeshikanishwa na utepe mwembamba wa nikeli. Fundi yeyote wa mtaa ambaye yuko rada ameshaona kuna wera hapo. Na wera yenyewe inaanza na mashine moja: spotiwelda.

Shida ni kuchagua. Ukizunguka maduka ya Luthuli Avenue ama ukicheki mtandaoni, utapata kalamu ndogo inatosha mfukoni, utapata sanduku nzito lina pedali ya mguu, na kati yao kuna bodi iko uchi tu na nyaya mbili. Zote zimeandikwa ampia mob kwa boksi. Muuzaji atakuambia chukua ya ampia nyingi, maneno imeisha.

Maneno haijaisha. Mashine ya betri haipimwi kwa vile inapiga ngumu. Inapimwa kwa vile inapiga sawa, mara ya kwanza na mara ya mia mbili. Tukimaliza hapa utajua kwa nini, na utajua vile ya kuijaribu hapo hapo dukani kabla hujatoa hata ndururu.

Kwani siwezi kusolda tu?

Swali poa, na wasee wengi wanaanzia hapo juu soldagani iko tayari kwa meza. Jibu ni hapana, na sababu ni joto.

Ncha ya soldagani huwa karibu digrii 350. Ndani ya seli kuna karatasi nyembamba ya plastiki inatenganisha pande mbili, chanya na hasi, na plastiki hiyo huanza kuyeyuka karibu digrii 130. Ukikaa na soldagani hapo sekunde tano, joto linaingia ndani. Seli inaeza isilipuke siku hiyo. Lakini umeishaiumiza, na itakuonyesha baadaye, pengine ikiwa chini ya kiti cha mtu.

Spotiwelda inafanya kazi tofauti. Inasukuma stima nyingi sana, mamia ya ampia mpaka zaidi ya elfu, kwa milisekunde chache tu. Joto linatokea pale tu utepe unapogusana na seli, chuma kinayeyuka na kushikana, na kabla joto litembee ndani mchezo umeisha. Ukigusa hapo sekunde moja baadaye, utapata ni vuguvugu tu.

Hesabu ya doti

Chukua betri ya kawaida ya volti 48 ya baiskeli ya stima. Seli 13 kwa mstari, kila mstari una seli 4 sambamba. Hiyo ni seli 52. Kila seli ina pande mbili, kwa hivyo ni pande 104. Kila upande ukiupiga mara mbili, ni mipigo 208, na kila mpigo unaacha doti mbili. Jumla ni doti 416.

Sasa fikiria mashine yako inapiga fiti mipigo 180 ya kwanza, halafu inachoka. Kwa macho, zile doti za mwisho zinafanana na za kwanza. Betri itachaji. Itawasha mota. Customer atalipa na kusema shukran. Halafu wiki tatu baadaye, kwa matuta na mashimo ya barabara zetu, utepe mmoja unaachilia. Zile seli tatu zimebaki kwa huo mstari sasa zinabeba mzigo wa nne. Zinapata moto, zinachoka haraka, na utepe uliolegea unaanza kutoa cheche karibu na seli zenye moto wake ndani.

Customer atakumbuka jina la nani? Si la mwenye aliunda mashine. Ni lako.

Ndio maana swali la kwanza si “ampia ngapi”. Swali ni “inapata nguvu wapi, na nguvu hiyo inabaki vile vile?” Ukijibu hilo, aina zote za spotiwelda zinajipanga zenyewe.

Ile ya kuchomeka kwa soketi

Hii ndiyo ile sanduku nzito yenye transfoma ndani, na nyingi huja na pedali. Sunkko ni jina mafundi wengi wanalijua. Uzuri wake ni kwamba haina betri ya kuchoka, inavumilia kazi, na pedali inakuachia mikono miwili ya kushika seli na utepe.

Ubaya wake ni kwamba inategemea stima ya ukuta moja kwa moja. Na wewe unaishi Kenya, unajua mambo ya stima. Tuseme soketi yako inafaa kutoa volti 240, lakini jioni kila mtu amewasha koili ya maji na inashuka mpaka 200. Joto la kuchomelea halishuki kidogo, linashuka kwa volti mara volti. Piga hesabu: umepoteza karibu asilimia 30 ya joto. Ile namba ulikuwa umeseti asubuhi ikishika fiti, jioni inabandika tu kama chingamu.

Pia mashine hii inavuta kilowati kadhaa kwa kishindo kimoja. Ukitumia ekstensheni nyembamba ya mita kumi, mpigo unalegea. Kama ploti yenu iko na breka ndogo, itaanguka na majirani watakuja kukubishia. Kwa jenereta ndogo ama inveta ya sola, usijisumbue: jenereta inayumba na inveta inajizima.

Ukiichukua, mpe laini yake ya stima yenye waya mnene, na uijaribu upya kila asubuhi na kila jioni kabla ya kuanza kazi.

Ile ya kapasita

Hii inajaza kapasita zake kwanza, polepole, mpaka volti fulani. Halafu ukikanyaga, inamwaga yote kwa mpigo mmoja. Ona raha yake: stima ya ukuta ikipanda ama ikishuka, kapasita bado inajazwa mpaka alama ile ile. Kwa hivyo mpigo wa saa moja asubuhi na wa saa moja jioni ni ndugu.

Haivuti stima nyingi kwa mara moja, kwa hivyo breka inatulia. Kwa mtaa wenye stima ya kubahatisha, hii ndiyo ningekuambia uanze kuiangalia. Inagharimu zaidi, na kapasita nazo huzeeka zikitumiwa vibaya, kwa hivyo muulize muuzaji kama anaweza kukupatia nyingine zikichoka. Akianza kuzungusha maneno, hilo ni jibu.

Ile ya betri: kalamu na bodi

Hapa kuna watu wawili tofauti wamevaa nguo moja.

Wa kwanza ni kalamu ndogo yenye betri yake ndani. Ni bei ya chini, unabeba kwa bagi, na kwa utepe wa milimita 0.1 inaweza kukusaidia kurekebisha tochi ama pawabanki. Lakini vile betri yake inashuka, mpigo unashuka nayo. Na mashine nyingi za bei hii zina levo 1, 2, 3 tu. Hazipimi chochote. Haziwezi kukuambia mpigo huu ulikuwa dhaifu.

Wa pili ni bodi ambayo unaipea betri ya nje, kama betri ya gari. Hapa ubora unatofautiana kama mbingu na ardhi. Juu kabisa kuna vitu kama kWeld ya Ujerumani, ambayo inapima nguvu halisi iliyoingia kwa kila mpigo, kwa jouli, na kukata ikifika pale uliseti. Betri ikishuka kidogo, inaongeza muda kidogo. Hiyo ndiyo akili unalipia.

Chini kabisa kuna bodi za bei ya kutupa. Hizi zinatumia mosfeti, ambazo ni swichi ndogo za kielektroniki, kuwasha na kuzima. Sasa sikiza: mosfeti ikiungua, mara nyingi inakwama ikiwa imewashwa. Maana yake betri ya gari inaendelea kumwaga mamia ya ampia kwa seli yako bila kukoma. Ukitumia bodi kama hii, weka plagi ambayo unaweza kuing'oa kwa mkono mmoja haraka, na usiwahi kushikilia ncha kwa seli kabla hujajua mpigo umeisha.

Na ile ya transfoma ya maikrowevu?

Umeona video. Msee anatoa transfoma kwa maikrowevu ya kitambo, anang'oa waya za juu, anafunga waya mnene raundi mbili, na anaanza kuchomelea. Inafanya kazi kwa mabati na misumari. Kwa betri, achana nayo.

Kwanza, ile koili asili inatoa karibu volti 2,000, na kapasita ya maikrowevu inabaki na chaji hata baada ya kutoa plagi. Inaua, na haikupi nafasi ya pili. Pili, hata ukiiunda salama, kidole chako hakiwezi kuhesabu milisekunde 10. Utatoboa seli. Upande wa hasi wa seli ni kopo la chuma nyembamba sana, na likitoboka, maji ya ndani yanavuja, na hayo maji hushika moto.

Anza na utepe, halafu ndio mashine

Wasee wengi wananunua mashine halafu wanatafuta utepe unaoshika. Geuza hiyo mpango. Anza na kazi.

Mota ya wati 2,000 kwa betri ya volti 48 inavuta karibu ampia 42. Kama una seli 4 sambamba, kila seli inabeba ampia 10 na kidogo. Utepe wa nikeli halisi wa upana wa milimita 8 na unene wa 0.15 unabeba vizuri karibu ampia 5 mpaka 7 bila kupata moto. Haitoshi. Utahitaji utepe mnene zaidi, mpana zaidi, ama kupiga wa pili juu ya wa kwanza. Na hapo ndio unajua unahitaji mashine inayochomelea 0.2 bila kukohoa. Kalamu ya mfukoni haiko kwa hii mechi.

Shaba je? Inabeba stima poa kushinda nikeli, lakini kwa sababu hiyo hiyo ni ngumu kuchomelea: haipati moto kirahisi. Usikubali kuuziwa mashine ndogo kwa ahadi kwamba itashika shaba.

Halafu kuna utepe feki. Nikeli halisi na chuma kilichopakwa nikeli zinafanana kwa macho, na sumaku haitakusaidia juu inashika zote mbili. Kwaruza utepe na msasa, uuache kwa maji ya chumvi usiku kucha. Ukiamka upate kutu, umeuziwa chuma. Na hapa kuna mchezo wa kujua: chuma kinashika rahisi kuliko nikeli. Muuzaji akikuonyesha mashine yake na utepe wake, lazima ionekane moto.

Jaribio la dukani

Kwa hivyo enda na vitu vyako: utepe wa nikeli halisi wa unene ule utatumia, seli mbili tatu zilizokufa na kuisha chaji kabisa, na koleo. Kumbuka seli iliyokufa bado ina maji yanayoshika moto, kwa hivyo hii fanyeni nje ama mlangoni, si katikati ya boksi za watu.

Mwambie muuzaji apige mipigo 30 mfululizo bila kubadilisha namba. Halafu shika koleo na ung'oe utepe kwa mpigo wa 1, wa 15 na wa 30.

Utepe ukitoka safi kama stika, doti hiyo ilikuwa ya uongo. Utepe ukiraruka na kuacha vipande vya nikeli vimekwama kwa seli, na kwa utepe kumebaki vishimo, hapo ni fiti. Kukiwa na shimo kwa seli yenyewe, ama doti nyeusi imechomeka na kuruka cheche kila mahali, moto umezidi ama hakukandamiza vizuri.

Zote tatu zikifanana, mashine iko sawa. Ya 1 ikiwa ngumu na ya 30 ikitoka kama stika, mshukuru na utembee. Haijalishi boksi limeandikwa ampia ngapi.

Ukiwa hapo pia gusa nyaya za ncha. Zikiwa moto sana baada ya mipigo 30, ni nyembamba. Na usifikirie utazibadilisha na ndefu nyumbani: ukirefusha nyaya, unapunguza mpigo. Angalia kama ncha za shaba zinatoka na kubadilishwa, juu zitaisha na utazipiga msasa kila mara. Na uulize kama ina mpigo wa mara mbili: wa kwanza mdogo unatayarisha mahali, wa pili unachomelea. Hiyo inasaidia sana kupata doti zinazofanana.

Sasa wewe ununue gani?

Kama unarekebisha tochi na pawabanki mara moja moja, kalamu nzuri na utepe wa 0.1 itakutosha. Usiitumie kwa nduthi hata customer akilia.

Kama unafanya betri za baiskeli ama za sola kila wiki, enda kwa ya kapasita, ama bodi ya kupima jouli na betri ya gari iliyo mzima. Betri iliyochoka ya gari ya mtu itakupatia doti zilizochoka.

Kama ni kazi ya kila siku, na una laini yako ya stima iliyotulia, ile ya transfoma ya pedali itakuhudumia miaka. Hata mnaweza kuchanga kama chama, mafundi watatu wanne, mnunue moja ya maana badala ya kila mtu kuwa na kalamu yake.

Na kama unaunda betri kubwa za nyumba kwa zile seli za mraba za lithiamu fosfeti zenye sehemu za kufungia skurubu, usinunue spotiwelda kabisa. Hizo hufungwa kwa bamba za shaba na nati. Weka hiyo ganji kwa BMS ya maana.

Jambo lingine: betri za kubadilisha za kampuni kama Spiro na Ampersand si za mwenye nduthi. Customer akikuletea moja ufungue, mrudishe kwa kampuni yake. Hiyo ni kesi unajitafutia.

Usife juu ya betri

Vua pete, saa na mkufu kabla ya kugusa seli. Vaa miwani, juu cheche za nikeli zinatafuta macho. Fanya kazi mahali kuna hewa, na ndoo ya mchanga karibu.

Cheza chini na upande wa chanya. Ile duara ndogo ni chanya, lakini ukingo wote unaoizunguka ni hasi, na kati yao kuna plastiki kidogo tu. Weka karatasi ya duara ya kukinga kabla ya kupiga utepe, la sivyo utepe ukibonyea kidogo, ni shoti ya moja kwa moja.

Seli ikianza kuvimba, kunuka tamu tamu ama kutoa moshi, usiwe jasiri. Kama unaweza kuisukuma nje bila kuikaribia, sukuma, la sivyo toa watu na ukae mbali na ule moshi, ni sumu. Seli zilizokufa usitupe kwa takataka ya ploti. Ziba ncha zake kwa tepu na uzipeleke kwa wanaozishughulikia, kama WEEE Centre hapa Nairobi.

Mashine ikishafika nyumbani, siku ya kwanza usiguse betri ya mtu. Piga doti mia kwa seli zilizokufa, ng'oa, badilisha namba, piga tena. Andika kwa karatasi namba gani inashika utepe gani, na uibandike ukutani juu ya meza. Na kila betri kabla uifunge, vuta kila utepe kwa mkono, mmoja mmoja. Doti 416 ni nyingi, lakini dakika kumi za kuvuta ni kidogo ukilinganisha na simu ya customer saa sita usiku akisema keja yake inatoa moshi.